Laptopu yalia "nyiii" usiku, feni nimeshabadilisha na bado. Shida i wapi?

MwanaKibokoni · Jumatatu, saa 5:10 usiku

Wajuzi, salamu kwenu. Nisaidieni kabla sijaitupa baharini.

Usiku wa kwanza tulidhani mbu. Mke wangu akawasha taa, tukamsaka ndani ya chandarua, juu, chini, nyuma ya mito, hatukumuona. Usiku wa pili tukapuliza dawa mpaka tukakohoa sisi wenyewe. Wa tatu nikafunika laptopu nikalale, na mbu akanyamaza papo hapo. Ndipo nilipojua adui yangu ni nani.

Mashine ni ya mtumba, nilinunua mwaka jana kwa shilingi 27,000. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na hufanya usiku kwa sababu mchana hapa mtaani pikipiki na watoto hawakuachii hata kufikiri. Baada ya isha pakitulia, ndipo na yeye aanzapo: nyiiiii. Sauti nyembamba, kali, kama mtu anayezungusha kidole kilicholowa kwenye ukingo wa gilasi. Ajabu yake, hulia nikiwa nimetulia nasoma tu. Nikifungua kitu kizito hunyamaza, au hubadili sauti.

Fundi wa kwanza hakuisikiliza hata dakika. Akasema feni, akabadilisha, 3,500. Nikarudi nyumbani, nikaketi, nyiiii. Wa pili akasema bodi imeanza kufa, niiache kwake wiki nzima. Sikuiacha. Sasa nifanyeje?

Shombo · saa 5:14 usiku

Mwachie mbu wa watu, naye ana familia.

FundiMakupa · saa 5:52 usiku

Ndugu, kwanza usinunue kitu kingine chochote. Kubadilisha feni bila kuitegea sikio ni sawa na kumpa miwani mtu aliyekwambia kichwa chamuuma.

Vinavyoweza kupiga kelele ndani ya laptopu si vingi, na kila kimoja kina lafudhi yake. Feni huvuma au hukwaruza, na sauti yake hupanda na kushuka taratibu, maana kitu kinachozunguka hakiwezi kubadili mwendo kwa kufumba na kufumbua. Diski ya zamani yenye sahani huvuma kwa sauti moja na kugongagonga ikisoma. Hii ya kisasa ya chipu haina kinachozunguka. Umeme wetu wa ukutani ni volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde, na transfoma iliyochomekwa humo huvuma mara 100 kwa sekunde. Huo ni mngurumo mzito wa "uuuum", wausikia hata kwenye rigyuleta ya pangaboi. Si wako.

Wako ni mwembamba na hugeuka papo hapo ukigusa kazi. Hilo ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Kitu cha kuzunguka hakifanyi hivyo.

Kesho nyumba ikitulia nifanyie haya. Chomoa chaja, na si kuitoa kwenye laptopu tu, ing'oe ukutani kabisa, usikilize. Zima sauti ya spika kabisa. Shusha mwanga wa kioo hadi mwisho kisha upandishe taratibu. Halafu fungua ukurasa mrefu, uuteremshe upesi upesi, usikie kama kelele inafuata kidole chako. Mwisho, kunja karatasi iwe koni nyembamba kama ya njugu, toboa ncha, iweke ncha karibu na sikio (usiisukume ndani) na mdomo wake uutembeze juu ya kibodi na pembeni. Popote kelele inapokuchoma zaidi, andika ni wapi. Usitumie bisibisi kama mafundi wa magari wanavyosikiliza injini. Chuma ndani ya mashine inayowaka si mchezo.

BintiTudor · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Samahani nauingilia uzi. Yangu yalia kwenye hedifoni tu, na ni pale ninapochomeka chaja. Tena nikiishika ubavuni penye bati vidole vyaniwasha, kama natembewa na sisimizi.

FundiMakupa · saa 2:05 asubuhi

Dada, hiyo ni habari nyingine. Chaja yako bila shaka ni ya pini mbili, haina waya wa ardhi. Ndani mna kapasita (vipuri vidogo vya kuweka na kuachia chaji) za kuchuja uchafu wa umeme, nazo hupitisha kiasi kidogo mno hadi kwenye bati. Huyo ndiye sisimizi wako. Uchafu huo ukipata njia kupitia waya wa sauti, wausikia masikioni. Tafuta chaja ya pini tatu inayotumia ardhi kweli, na uhakikishe hata soketi ina ardhi. Nimewahi kufungua soketi za nyumba moja ya zamani hapa kisiwani Mombasa, tundu la juu lipo, zuri kabisa, nyuma yake hakuna waya hata wa kufungia mkate. Kwa leo, jaribu kuchomoa chaja ukisikiliza muziki. Kelele ikiondoka, ushapata jibu.

BintiTudor · saa 2:31 asubuhi

Imeondoka! Nimekaa na hili miezi minane.

MwanaKibokoni · saa 4:40 usiku

Nimerudi na matokeo. Mke wangu amenikuta na koni ya njugu sikioni nikiinusanusa laptopu, akaondoka bila kusema neno.

Nikichomoa chaja, kelele yapungua sana lakini haiishi. Yabaki kauzi kembamba. Mwanga wa kioo haubadilishi kitu. Spika nimezizima, bado. Nikiteremsha ukurasa, kale kauzi kanageuka kuwa "trrr trrr" kakifuata kidole changu, mpaka nikacheka peke yangu. Nikiacha, karudi. Kwa koni, kelele kali iko juu kushoto karibu na bawaba. Feni iko kulia. KULIA. Yaani 3,500 zangu zilikwenda upande usio na mgonjwa.

Jambo jingine: mamangu alikuja, nikamwambia sikiliza, akasema hasikii kitu. Mpwa wangu wa miaka tisa aliisikia tangu mlangoni.

FundiMakupa · saa 5:15 usiku

Mamako si kiziwi, ni umri tu. Sikio changa husikia kuanzia hezi 20 (yaani mitetemo 20 kwa sekunde) mpaka kama 20,000. Kadiri miaka inavyokwenda zile za juu ndizo zinazotangulia kuaga. Ndiyo maana fundi mwenye nywele za mvi anaweza kukuapia kwamba mashine haina kelele, na asiwe mwongo. Ukipeleka laptopu kwa ajili ya kelele, mchukue na yule mpwa.

Sasa nikueleze hicho kinacholia. Betri yako inatoa kama volti 11. Prosesa, ule ubongo wa mashine, haitaki 11, yataka kama volti 1, tena umeme mwingi. Katikati pana sakiti ya kushusha, na kazi yake ni kukata na kuunga umeme, kukata na kuunga, mara laki kadhaa kwa sekunde, huku koili (waya uliosokotwa) zikilainisha kinachotoka. Ukiifungua utaziona: vijiwe vya kijivu vya mraba vimepangwa kando ya prosesa.

Laki kadhaa kwa sekunde hakuna sikio la binadamu linalofika huko. Kwa hivyo mashine ikifanya kazi ya kutosha, koili hulia lakini hulia mbali na sisi. Tatizo huja ikipumzika. Prosesa ya kisasa haipendi kukaa macho bure. Ikikosa kazi hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, hulala. Ikilala huhitaji umeme kidogo mno, na ile sakiti nayo huanza kutoa umeme kwa mafungu: fungu, kimya, fungu, kimya. Mafungu hayo yakiwa 5,000 au 9,000 kwa sekunde, tayari yameshuka mpaka kwenye uwanja wa masikio yetu. Kila fungu hutikisa waya wa koili kidogo sana. Pia zimo kapasita za kauri, zile punje za rangi ya mchanga, ambazo hutanuka na kunywea kila volti inapobadilika. Punje moja haina nguvu ya kumsumbua mtu, ila imegandishwa kwenye bodi, na bodi ni pana. Uzi wa udi, ule wa muziki, ukiukwatua peke yake hewani hausikiki. Ufunge juu ya tumbo la udi, uone. Bodi ndiyo tumbo.

Ndiyo maana hulia unaposoma na hunyamaza unapofanya kazi nzito. Ule "trrr" unaofuata kidole ni prosesa inayoamshwa na kulazwa. Na hapana, bodi haifi. Laptopu mpya kutoka kwenye boksi huweza kulia hivyo hivyo, na mbili za aina moja, moja ikalia na nyenzake ikanyamaza.

BabuWaKaskazi · Jumatano, saa 12:30 asubuhi

Wajukuu, masikio yangu hayasikii tena hayo mambo lakini nayakumbuka. Mimi ni mtu wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, tangu zamani. Toleo la 2.6 lilipotoka Desemba 2003, mapigo ya saa ya ndani kwenye kompyuta za kawaida yalipandishwa kutoka 100 kwa sekunde hadi 1,000. Maana yake prosesa iliyolala iliamshwa mara 1,000 kila sekunde kuulizwa kama ina kazi, ikajibu haina, ikalala tena. Laptopu nyingi zikaanza kuimba noti ya hezi 1,000, safi kabisa, ungeweza kuitumia kutunia gitaa. Watu walifungua mashine, wakabadilisha feni, wakabadilisha diski. Kumbe ni tarakimu moja tu ndani ya programu. Mwaka 2005 ikashushwa hadi 250 kama chaguo la kawaida, na 2007 ikaja njia ya kutoiamsha prosesa bila sababu.

Mwenye uzi, jaribu kuchomoa vitu vyote vya USB. Enzi zetu kipanya tu kilitosha kuibadili kelele, maana bandari ya USB nayo hugongea prosesa mlango.

ChumviMunyu · saa 3:00 asubuhi

Mafundi mwaongea sana. Hii ni chumvi ya bahari. Laptopu zote za Mombasa huliwa na chumvi. Afungue, apake vanishi au gundi kwenye hizo koili, basi. Nimeona video mtu amefanya.

FundiMakupa · saa 3:45 asubuhi

Chumvi naijua, ndiyo inayonilisha. Ikiingia huacha alama: ukijani kwenye miguu ya vipuri, skrubu zenye kutu, bandari zisizoshika. Na feni, naam, chumvi ikichanganyika na vumbi kwenye shimo lake husaga "krrrr", hasa unapowasha asubuhi. Hakuna chumvi inayolia prosesa ikilala na kunyamaza ikiamka.

Gundi: koili za laptopu za leo waya wake umezikwa ndani ya jiwe, hakuna pa kupaka. Ukipaka juu umeongeza blanketi mahali panapotaka kupoa. Na kama kinacholia ni kapasita, gundi uliyoimwaga kwenye koili inamtibu jirani wa mgonjwa. Koili kubwa za waya wazi kwenye vifaa vingine, hapo vanishi husaidia kweli, sikatai. Hapa, mashine ya 27,000 usiimwagie kitu kisichotoka.

ChumviMunyu · saa 3:50 asubuhi

Sawa bwana. Mimi nimesema tu.

Shombo · saa 3:52 asubuhi

Chumvi imeyeyuka.

FundiMakupa · saa 4:10 asubuhi

MwanaKibokoni, rudi kwenye ile chaja. Ulisema kelele yapungua *sana* ukiing'oa. Hilo limenikaa kooni. Naona una kelele mbili, na moja imejificha nyuma ya nyingine. Chaja iko wapi unapofanya kazi?

Tafuta programu ya simu inayochora mawimbi ya sauti. Simu hurekodi vipande 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na inachoweza kuona ni nusu ya hapo, kwa hivyo yafika mpaka kama hezi 22,000. Yatosha. Mdomo wa simu uuweke karibu na chaja, kisha karibu na ile bawaba, utupe namba.

Nyali_Mpole · saa 7:30 mchana

Nacheka kwa sababu yangu haikuwa laptopu kabisa. Wiki mbili nailaumu, kumbe ni kile kidude cha kuchomeka ukutani cha kufukuza mbu kwa sauti. Husema sauti yake haisikiki na binadamu. Cha kwangu kilisikika. Na mbu walikuwa wakitua juu yake. Baadaye nikasoma kwamba vimefanyiwa utafiti na havijaonekana kufukuza mbu.

MwanaKibokoni · saa 4:05 usiku

Fundi, wewe ni mchawi wa halali.

Chaja hukaa nyuma ya meza, kwenye soketi ya kichwani mwa kitanda. Nimeweka simu karibu nayo: mstari mrefu kwenye hezi 8,900 hivi, umesimama kama mnara, hautikisiki nikiteremsha ukurasa, ila betri ikijaa wasogea. Karibu na bawaba kuna mstari mwingine mfupi unaorukaruka, mara 5,000, mara 6,000, nikiteremsha ukurasa wapotea.

Nikaazima chaja ya shemeji, volti ileile na wati zilezile. Mnara ukatoweka. Mke wangu akiwa kitandani akauliza, "Umezima?" Nikamwambia bado. Akageuka akalala.

Chaja hii sikuja nayo na mashine. Ya kwanza ilikatika waya, nikanunua hii barabarani kwa 800. Nyepesi, ukiitikisa yasikika kitu ndani.

FundiMakupa · saa 4:20 usiku

Ukiitikisa yasikika kitu ndani na umeilaza kichwani mwa kitanda? Itoe leo. Chaja kulia peke yake si hatari, hata nzuri hulia kidogo betri ikijaa, kwa sababu ileile niliyoeleza. Lakini nyepesi, yenye kitu kinachocheza ndani, hiyo imepunjwa vipuri, na mara nyingi vinavyopunjwa ni vya kuchuja na vya usalama. Ikianza kunuka au kuchoma mkono, ujue imechelewa kukuonya.

Nunua inayolingana volti na laptopu, na wati zisipungue zilizoandikwa chini ya mashine.

Kuhusu kale kauzi kalikobaki: kwenye bayosi (mipangilio ya ndani ifunguliwayo mashine inapowaka) za baadhi ya laptopu pana mahali pa kuzuia prosesa isilale usingizi mzito. Kwa Linux, Babu atakupa amri ya kuandika wakati wa kuwasha. Ukizuia, kelele mara nyingi hufa. Ila nakuonya kama ndugu: prosesa isiyolala hula betri na hutoa joto. Joto lenyewe la hapa walijua, na kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi, chumba cha ghorofani usiku ni tanuri. Feni itazunguka bila kupumzika. Utakuwa umemfukuza mbu ukamleta nyuki. Na wale watakaokwambia ushushe nguvu ya juu ya prosesa hadi asilimia 99 kwenye Windows, hiyo huzuia isijikaze kupita kiasi, husaidia laptopu inayolia ikifanya kazi nzito. Yako hulia ikipumzika, haikuhusu.

BabuWaKaskazi · saa 11:50 alfajiri

Andika intel_idle.max_cstate=1 kwenye mstari wa kuwashia, kama prosesa ni Intel. Ukichoka ifute, hakuna kilichoharibika.

MwanaKibokoni · Jumamosi, saa 3:30 usiku

Marejesho, nisije nikawa kama wale wanaopata dawa wakapotea.

Chaja mpya nimenunua, 2,200, nzito, ina pini tatu. Ile ya 800 nimeikata waya ili asije mtu akaiokota. Fundi wa jirani aliifungua kwa udadisi: kilichokuwa kikicheza ni tone la risasi ya kuchomelea lililodondoka, likitembea bure humo ndani.

Usingizi wa prosesa niliuzima kwenye bayosi. Kauzi kakafa kabisa, kimya cha msikitini. Lakini betri iliyokuwa ikinipa saa nne ikanipa mbili na nusu, na feni, ile mpya, ikavuma usiku kucha. Siku ya pili nikarudisha kama ilivyokuwa.

Kilichonisaidia mwisho hakikuwa kwenye mashine. Nilikuwa nikiiweka juu ya meza ya marehemu babu, mbao nene, chini ina droo tupu. Fundi alisema tumbo la udi, nikafikiri: hii droo je? Nikaijaza karatasi, na laptopu nikaiegemeza juu ya vipande vinne vya ndara iliyokatika, hewa ipite chini. Kauzi bado kapo, ukitega sikio. Pangaboi likizunguka hakasikiki, na mpwa wangu akiulizwa asema "kidogo tu".

Mke wangu anauliza kama naweza kurudi kwa yule fundi wa kwanza nidai 3,500. Mwasemaje?

FundiMakupa · saa 3:41 usiku

Feni ya zamani alikurudishia?

MwanaKibokoni · saa 3:43 usiku

Ninayo, kwenye droo, chini ya karatasi.

FundiMakupa · saa 3:44 usiku

Basi ichomeke kwenye mashine mbele yake, izunguke, ayaone kwa macho yake. Na uende na mpwa.

Shombo · saa 3:50 usiku

Akikataa kulipa niambieni, nina chaja ya 800 ya kumuuzia.